Batoto ya Kuazima mu Kalasi ya Sita

Siku ya kwanza, tarehe 4, mwezi wa tatu

Bibi yangu Emérence anachoka na mudomo yangu. Anasema: "Papa Benoît, maneno yenye unanimwangiaka kila mangaribi, uiandike mu kaye. Kaye haina masikio ya kuuma." Basi naandika.

Mi sikuingiaka mu kalasi ata siku moja. Kusoma nilifundishwa na bamama ya kanisa, mvi ikiwa tayari mu kichwa, na maherufi yote niliishika mu siku ya yenga tatu. Emérence anasema ilikuwa miaka mbili. Anachanganya na bwana ya mutu mwingine.

Jina yangu yenyewe ni Philémon; Benoît ni mutoto yangu. Hapa ku mulima yetu ya Lushebeyi bananiita Muzee Prezida, juu njo mi mukubwa ya komite ya bazazi ku masomo yetu, shule ya Baprotestanti. Siku ya kura bengine balileta diplome. Mi nilileta mudomo. Sihitaji kuandika nani alishinda.

Mvua tangu asubui. Bukavu yote kule chini imemezwa na mawingu.

Siku ya tatu, tarehe 6

Direktere yetu Parfait ameniita mu bilo. Ule ni mutu anaogopa ata kivuli ya kofia yake. Anasema ku Sudivizio, kwenye banaangaliaka masomo yote ya huku milimani, bameona kitu. Kalasi yetu ya kwanza inajaa sawa samaki ndogo ya sambaza mu kikapo, na batoto ya bakimbizi ya Bunyakiri juu yake. Lakini kadiri banapanda, banapunguka. Mu ya tatu unapata fasi ya kupitisha mukono. Mu ya tano unaweza kunyoosha miguu. Mu ya sita ukisema, unasikia sauti yako inakurudilia. Bavulana bameenda ku zahabu ya Mwenga, babinti banabakia ku shamba ao banabeba badogo yabo.

Inspektere atakuya wiki ijayo. Akikuta viti bure, ya sita inafungwa. Kuanzia mwezi wa kenda batoto yetu batasomea ya sita ngambo ya muto, ku masomo ya Bakatoliki.

Ule muto hauna daraja. Uko na miti mbili ya kulala, na mwaka jana mvua iliibeba miti na kuku ya mutu.

Mangaribi niliambia batu ya nyumba. Mujukuu yangu Bintu iko mu ya tano. Baba yake, mutoto yangu Benoît, alimaliza kwanza kula bukari yake. Iko hivyo, maneno yake inatokaka moja moja sawa meno ya mutoto.

"Bintu hatapita mu ule muto," anasema. "Kama ya sita inafungwa, mwezi wa saba ataenda Bukavu kwa Rosette, amusaidie kazi ya nyumba."

Rosette ni dada yake, iko na nyumba ya muzuri kule muji. Bintu alikuwa anachagua maharagi. Hakuinua kichwa. Lakini niliona: maharagi ya muzuri alikuwa anatupa, ya kuoza anaweka mu sufuria.

"Haitafungwa," nasema. "Shi prezida ni nani?"

"Ni wewe, papa. Njo maana naogopa."

Siku ya ine, tarehe 7

Mvua. Nimezunguka nyumba mupaka Emérence ameniuliza kama nimepoteza mbuzi.

Siku ya posho, tarehe 9

Nimepata.

Nimepita ku muto na miguu yangu miwili, maji mupaka hapa ku kiuno, na haikunitikisa. Mutu mwenye alisimamishaka kamyo ya bia ku Sange na mukono moja, muto itamufanya nini? Nilienda kwa rafiki yangu Polycarpe, direktere ya masomo ya Bakatoliki. Mi ni Muprotestanti kamili, kasiksi, pombe ya ndizi, nainywaka ngambo ile tu.

"Polycarpe," nasema, "uniazime batoto sita."

"Kuazima ngombe nimesikia. Kuazima batoto ni mara ya kwanza."

"Ni asubui moja tu. Batarudi na roho yabo yote, na tumbo imejaa."

Alicheka mupaka povu ya kasiksi ikapanda mu pua. Kisha akaita sita mu kalasi yake ya sita, benye akili. Mi nilibapanga sawa basoda. Majina nilibapatia ya batoto yetu benye baliacha masomo lakini bangali mu rejista. Wewe ni Priscille. Wewe Aganze. Wewe mwenye masikio kubwa, ni Glody. Mukiitwa, munasema nini?

"Prezan!"

Naambia hii kaye: ata ku Kinshasa hakuna mutu angewaza hivi.

Siku ya tatu, tarehe 13

Naandika pole pole leo.

Inspektere alifika na pikipiki, matope mupaka ku magoti. Ni mama, banamuita Madame Yolande, mufupi, anaongea na sauti ya chini, ya mutu mwenye hahitaji kurudilia. Nilimupokea na hotuba. Nilimuambia vile mulima yetu inapenda masomo kuliko chumvi. Direktere Parfait alikuwa nyuma yangu, jasho inamutoka ndani ya baridi.

Tukaingia mu kalasi ya sita. Ilijaa! Viti byote, bega kwa bega. Nilitaka kulia kwa vile ilikuwa ya muzuri.

Madame Yolande anasema: "Mbele ya kuanza, batoto, tuombe."

Batoto yetu bakafunga macho na kuinamisha kichwa, vile tunafanyaka. Na bale sita ya Polycarpe, bote pamoja, mukono ku paji, ku kifua, ku bega ya kushoto, ku bega ya kuume. Tena na haraka, na roho yote. Alama ya musalaba, ndani ya masomo ya Baprotestanti, mbele ya Serikali.

Nilibafundisha majina. Nilibafundisha kusimama. Kuomba, nilisahau kama kuko namna mbili.

Inspektere alifungua jicho moja. Aliangalia bale sita. Aliangalia mi. Mi niliangalia dari.

"Amen," anasema. Na akakamata rejista, akaanza kuita majina moja moja, na sauti kubwa sasa, nafikiri juu ya kunitesa.

"Priscille!" Prezan. "Aganze!" Prezan. "Glody!"

"Prezan!" anasema ule wa masikio kubwa, na sauti kama kengele.

Nyuma ya ukuta ya kalasi kuko shamba ya Francine, mama ya Glody. Glody yeye alienda ku zahabu kitambo, misimu mbili ya mvua sasa imepita, na hakuna mwenye alimuonaka tena. Tukasikia miguu inakimbia. Francine akatokea ku dirisha, jembe mu mukono, kitambala imeanguka, macho inatafuta kiti kwa kiti. Ilifika ku ule mutoto ya masikio kubwa. Ikabakia pale.

"Mama, unatafuta nini?" inspektere anauliza.

Francine aliniangalia. Angeweza kunimaliza pale pale.

"Mbuzi," anasema. "Nilifikiri imeingia humu."

Akaenda.

Madame Yolande aliniita inje, chini ya mabati, mvua inapiga mupaka alisogelea sikio yangu.

"Muzee Prezida, kalasi yako ni ya muzuri. Nimebahesabu bote. Bote bataandikwa ku ekzame ya mwezi wa sita, hapa hapa, na majina bameitikia."

"Aksanti, Madame."

"Ngojea. Mwenye hatakuya siku ya ekzame, banaandika ameanguka. Na kama nusu ya kalasi inaanguka, mi mwenyewe nitakuya kufunga ule mulango. Unasikia?"

"Nasikia, Madame."

"Na usalimie rafiki yako wa ngambo."

Siku ya yenga, tarehe 17

Ku kanisa Francine alihama kiti yenye nilikaa karibu nayo. Batoto bananipitia njiani banajifanya alama ya musalaba na kukimbia. Kama si mi, ningecheka.

Siku ya kwanza, tarehe 18

Majina sita niliuzia Madame, batoto sita nitaleta. Tatu balikuwa rahisi kupata: balikuwa banajificha tu ku mashamba ya maharagi. Nilienda mu shamba nikapiga kelele, na bababa yabo bakapata haya. Tangu leo bako mu viti.

Bamebakia Priscille, Aganze, na Glody.

Siku ya ine, tarehe 21

Priscille nilifikiri ni muvivu. Nilimuambia hivyo mama yake, mwenye anauzaka sambaza ku soko ya Kadutu. Nilimukuta anashuka asubui, kikapo ku kichwa.

"Muvivu?" anasema. "Muzee, kuya uone muvivu."

Ku nyumba, Priscille alikuwa na mudogo yake ku mugongo, anatwanga sombe, majani ya muhogo, na moto anaupuliza na mudomo. Yote wakati moja. Baba yabo hakuna, alikufwa. Mama akienda soko, mutoto muchanga atabakia na nani?

"Upate mutu wa kumubeba," mama anasema, "na Priscille ataenda ata leo."

Niliita majina ya bamama yote ya mulima. Kila mumoja iko na wake. Emérence iko na mugongo ya kuuma. Tukabakia tunaangaliana, mi na ule mutoto. Iko na meno mbili.

"Usiniangalie hivyo," namuambia.

Siku ya tano, tarehe 22

Sitaandika nilifanya nini leo.

Siku ya posho, tarehe 23

Basi naandika, juu mulima yote inasema. Nilifunga mutoto ku mugongo na kikwembe ya Emérence, mi, muzee mwenye mvi, na nikatembea naye tangu kwa Priscille mupaka ku masomo. Babibi balitoka mu manyumba sawa ni ndoa. Mumoja alipiga kelele: "Muzee Prezida, umezaa lini? Bwana ni nani?"

Nilijibu: "Ni wako! Alisema anakuya kukuambia mwenyewe."

Emérence alicheka mupaka mugongo ikaacha kuuma. Priscille iko mu kalasi.

Siku ya kwanza, tarehe 15, mwezi wa ine

Mvua ya mawe. Mutoto amelala ku mugongo yangu bila kusikia kitu. Siku hizi siwezi kukaa; nikikaa analia, nikitembea ananyamaza. Ni mimi kabisa.

Siku ya tatu, tarehe 17

Aganze anachungaka ngombe ya mutu upande ya juu, fasi ya ukungu. Nilipanda kule na mutoto ku mugongo. Aganze alinisikiliza na heshima, fimbo ku mabega. Kijana ya sauti nzito. Mandevu inaanza.

"Muzee, mi siwezi."

"Mwenye ngombe anakukataza?"

"Hapana. Mi niko mukubwa. Ya ine nilirudilia, ya tano nilirudilia. Mu ile kalasi banafikiri mi ni mwalimu. Batoto bananiitaka tonton, sawa mi ni mujomba yabo."

Nilitaka kumutania. Nilikuwa na ya kusema, ilikuwa tayari mu mudomo, tamu. Niliimeza.

"Kukiwa mutu mukubwa kuliko wewe mu kalasi," nasema, "utakuya?"

"Mukubwa kuliko mi, nani?"

Siku ya ine, tarehe 18

Niliingia mu kalasi ya sita. Nilikaa nyuma, kando ya Aganze, magoti ku kidevu, mutoto mu mapaja. Mwalimu hakujua aseme nini. Direktere Parfait alikuya ku mulango, akafungua mudomo. Nilijua atanifukuza.

"Muzee," anasema, "ukiingia, ukuye mbele ya kengele. Sawa bengine."

Nilimuzaniaka mutu ya woga. Kumbe nilikuwa namusikiliza vibaya.

Bale badogo sasa bananiita mi tonton. Aganze bamemusahau.

Siku ya kwanza, tarehe 22

Leo desimali. Naona ni uchawi ya bazungu. Aganze alinionyesha fasi ya kuweka ile koma kidogo.

Siku ya tano, tarehe 3, mwezi wa tano

Nimebakia na moja. Nimetuma maneno ku Mwenga na dereva ya kamyo, na muhubiri mumoja, na mutu anauzaka manguo ya kuzeeka kule ku mashimo. Bote nabaambia: muulize kijana Glody wa Lushebeyi, masikio ya kawaida, kovu ku kidevu. Mumuambie mama yake... Pale nakosaka namna ya kumaliza.

Siku ya posho, tarehe 11

Jibu ya dereva: iko Glody mumoja, lakini ni mutu muzima ya Kasai.

Siku ya ine, tarehe 16

Muuza manguo amerudi. Anasema batu ya ule shimo balihama, balienda ndani zaidi, upande ya Shabunda, fasi ata simu haifike. Mutu mumoja anakumbuka kijana mwenye kovu. Mwingine anasema hapana.

Ilipashwa niende kwa Francine. Nilizunguka nyumba yake mara sijui ngapi, mutoto ku mugongo. Mwishoni yeye mwenyewe alitoka.

"Philémon, unakanyaga majani yangu. Ingia ao uende."

Niliingia. Nilimuambia yote ya dereva na ya muuza manguo. Hii moja sikuongezea kitu. Alisikiliza, anakwaruza udongo ku jembe na kucha.

"Ulikamata jina ya mutoto yangu," anasema, "ukaivalisha mutoto ya benyewe. Ile siku nilisikia 'prezan'. Unajua nilikimbia namna gani?"

"Niliona, mama Glody."

"Hapana. Uliona nafika. Hukuona nakimbia."

Mutoto ku mugongo njo alijibu, akashika kitambala ya Francine na kuvuta. Francine alimufungua vidole kimoja kimoja. Kisha akamukamata, akamuweka ku magoti yake mupaka mvua ikapunguka.

Siku ya kwanza, tarehe 20

Mutoto ya Priscille, namaanisha mudogo yake, siku hizi anashinda kwa Francine saa ya desimali. Nasema ni mi nilimuomba. Si kweli, alikuya kumukamata mwenyewe.

Siku ya kwanza, tarehe 3, mwezi wa sita

Mvua inaisha. Bukavu imeonekana yote, mupaka mabati ya Kadutu, na maji ya ziwa. Benoît anapitaka hapa mbele ya masomo, anajifanya anaenda ku shamba. Shamba yake iko upande mwingine.

Siku ya ine, tarehe 6

Ekzame. Banakataza mutu mukubwa kuingia, basi nilikaa inje chini ya dirisha. Aganze alipita mbele yangu amenyoa mandevu, damu kidogo ku shavu. Priscille hakuwa na mutu ku mugongo, na alikuwa anatembea kama mwenye amesahau kitu.

Madame Yolande alifika. "Muzee, leo banaomba namna gani?"

"Kila mutu namna ya kwabo, Madame. Leo ni batoto benyewe, ya kweli."

Aliingia, akahesabu. Nilimusikia anasimama fasi moja. Kiti ya Glody. Alitoka.

"Mumoja hakuna."

"Ule hayuko, Madame. Sikumupata."

Aliniangalia wakati murefu. Nafikiri alingojea hadisi. Sikuwa nayo.

"Basi nitaandika vile iko," anasema.

Siku ya posho, tarehe 22

Kungojea. Nimetengeneza mulango yenye haikuwa imeharibika. Sasa haifungike.

Siku ya tano, tarehe 5, mwezi wa saba

Rosette alipanda toka Bukavu asubui, na sanduku tupu, juu ya kuweka manguo ya Bintu. Benoît alikuwa alimuambia mwezi wa saba, na Rosette ni mutu ya siku yake. Bintu alikaa ku mulango na hakumupokea sanduku. Nilimuambia Rosette akae kwanza, akule. Alikula. Nilimuambia ya kamyo ya Sange. Alisema alishaisikia, na wakati ule ilikuwa baiskeli.

Saa sita Direktere Parfait alikuya anakimbia. Mi sikumuonaka akikimbia. Kofia mu mukono.

Bamepita zaidi ya nusu! Priscille amepita. Aganze ameanguka, kwa kidogo sana, na amesema mwezi wa kenda atarudi, kama tonton atakuwa pale. Kalasi ya sita inabakia. Mwaka moja ingine, Madame Yolande ameandika, na atarudi kuona.

Benoît alitoka nyuma ya nyumba. Sijui alikuwa pale tangu wakati gani. Alikata mukungu ya ndizi, ile kubwa yenye alikuwa anawekea soko, akaitia mu sanduku ya Rosette. Haikuingia yote. Akafunga na kamba.

"Hii njo utashuka nayo," anasema.

"Na Bintu?"

"Bintu anasoma."

Maneno mbili. Kwa Benoît ile ni hotuba. Bintu alikimbia mu nyumba, na tukasikia anaanguka ku kitanda kwa furaha, kitanda yangu, na ikavunjika.

Siku ya kwanza, tarehe 8

Mulima yote imeshasikia. Kwa Francine nilienda mwenyewe, asubui. Alikuwa analima.

"Nimesikia bamepita," anasema. "Na wangu?"

"Bameandika hakukuya. Mwenye hakukuya ameanguka."

Alipiga jembe, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Mwenye ameanguka, banamufanya nini?"

"Anaduble. Anarudilia kalasi."

"Habamufute?"

"Mwenye anaduble, hapana. Fasi yake inabakia."

"Basi aduble," anasema. Na akaendelea kulima.

Nilipanda mu bilo ya Direktere. Alikuwa anapanga majina ya mwezi wa kenda.

"Muandike Glody mu ya sita," nasema.

"Muzee, tena? Ule mutoto haiko!"

"Najua haiko. Na sitaleta mutu wa kuitika. Siku ya kusoma majina mutaita Glody, hakuna mwenye atasema prezan. Mutangojea kidogo. Kisha mutaita Bintu."

Direktere Parfait aliangalia ku dirisha, upande ya ile shamba. Jembe ilikuwa inasikika. Akafungua biki, akaandika.